Mzani Unapogoma Kushuka

Huenda baadhi yenu mtashangaa kukuta makala ya kupunguza uzito katika kijarida kinachosomwa Ngara na Biharamulo. Habari zilizozoeleka kutoka wilaya hizi ni za wakimbizi waliofurika Benaco mwaka 1994, za yatima, za migomba iliyonyauka na za watoto wasiokua vizuri. Habari hizo ni za kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba mkoani Kagera takribani watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Lakini tafiti hizo hizo zina habari ya pili. Mwaka 2004/05, wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 18. Mwaka 2015/16 walifikia asilimia 28. Pamoja na uzito huo huja presha na kisukari, na magonjwa hayo hayabagui kijiji wala mji. Pale Nyakanazi, Lusahunga, Benaco na Kabanga, ambako malori husimama, kuna watu wengi wanaokaa kutwa dukani au kwenye usukani. Safari ambayo zamani ilikuwa ya miguu au baiskeli leo ni ya bodaboda. Chipsi, soda na maandazi vinapatikana hadi vijijini.

Ndiyo maana siku za kliniki wazazi wetu wengi huambiwa, "Mama, punguza uzito." Wengi hutii na huanza vizuri. Baada ya miezi michache mzani hugoma. Wiki ya kwanza haushuki, ya pili vivyo hivyo, na mwezi unapita. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu anayekata tamaa na mzani anaweza kukata tamaa na kliniki na dawa pia. Makala hii inaeleza kwa nini mzani hugoma, nini kifanyike, na kamati ya parokia inaweza kusaidia vipi.

Mfano wa mama mmoja

Tuchukue mfano. Mama ana miaka 48, ana presha, na alipoanza alikuwa na kilo 92. Aliacha soda, akapunguza sukari kwenye chai na mafuta kwenye mboga. Mwezi wa kwanza alipungua kilo 3, na miezi minne iliyofuata kilo 4 nyingine. Sasa ana kilo 85. Kwa wiki sita mzani haujasogea, ingawa anasema anakula vile vile.

Je, anadanganya? Hapana. Je, mwili wake una kasoro? Hapana. Yaliyompata huwapata karibu wote wanaopunguza uzito, mara nyingi kati ya mwezi wa sita na mwaka mmoja. Hata wanaotumia zile sindano mpya za kupunguza uzito zinazozungumzwa siku hizi hufika mahali uzito unasimama.

Kwanza, kilo za mwanzo hushuka haraka kwa sababu si mafuta matupu. Mwili huhifadhi wanga kidogo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya wanga huo hushikilia takribani gramu 3 za maji. Mtu akipunguza chakula, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Mzani hushuka kwa kishindo. Baada ya hapo yanabaki mafuta, ambayo huondoka polepole.

Pili, mwili mdogo hutumia chakula kidogo. Mwenye kilo 85 akipanda mlima wa Murgwanza habebi tena zile kilo 7 alizopoteza. Kwa makadirio, kila kilo moja inayopungua hupunguza matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Kwa kilo 7 ni kama kalori 175, sawa na kijiko cha chakula kimoja na nusu cha mafuta ya kupikia. Chakula kilichompunguza alipokuwa na kilo 92 sasa kinamtosha.

Tatu, njaa huongezeka. Watafiti wamekadiria kwamba kila kilo inayopungua husukuma hamu ya kula ipande kwa takribani kalori 100 kwa siku. Kwa mama huyu ni kama kalori 700 zinazomwita kila siku. Hasikii sauti ikisema "kula zaidi." Anajikuta tu ameongeza kijiko, ameonja chungu mara tatu, amemalizia chakula kilichoachwa na mtoto. Ndiyo maana husema kwa dhati kwamba anakula vile vile.

Somo kutoka kwa vijana 36

Mwili una desturi hii tangu zamani. Mwaka 1945, vita vya pili vya dunia vikielekea mwisho, vijana wa kiume 36 nchini Marekani walijitolea kufanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota chini ya mtaalamu Ancel Keys. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, wengi wao wakiwa waumini wa makanisa yanayopinga vita. Walikubali kushindishwa na njaa kwa majuma 24 ili wataalamu wajifunze namna ya kuwalisha watu walioathirika na vita.

Walipungua takribani robo ya uzito wao. Kadiri majuma yalivyopita, uzito ulipungua kwa mwendo mdogo zaidi na zaidi. Miili yao ilibana matumizi kama familia inavyobana matumizi wakati wa ukame, kiasi kwamba nguvu iliyotumiwa na mwili uliopumzika ilishuka kwa takribani asilimia 40. Walisikia baridi, walichoka, na mawazo yao yote yakawa chakula. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi walikula mno na bado hawakuhisi kushiba.

Kwetu kuna mafunzo mawili. Mzani kugoma ni kinga ile ile iliyowawezesha babu zetu kuvuka miaka ya njaa. Na kujibu mgomo huo kwa kujinyima zaidi na zaidi ni kumchokoza mlinzi huyo. Anayeruka milo mchana kutwa mara nyingi hulipa deni lote usiku, na kwa riba.

Kwanza hakikisha kwamba umegoma kweli

Uzito wa mtu mzima unaweza kupanda au kushuka kilo 1 hadi 2 kwa siku chache kwa sababu ya maji, chumvi, choo au siku za hedhi. Kwa hiyo usihukumu kwa wiki moja. Mzani umegoma kama haujasogea kwa wiki nne au zaidi.

Pima kwa mzani ule ule, siku ile ile ya wiki, asubuhi kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi. Mzani wa duka la mazao na mzani wa zahanati vinaweza kutofautiana, kwa hiyo usivichanganye.

Pima pia kiuno. Asiye na futi ya fundi cherehani atumie kamba. Chukua kamba yenye urefu wako kutoka utosini hadi unyayoni, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ikifika na kukutana, vizuri. Isipofika, mafuta ya tumboni bado ni mengi. Weka alama kila mwezi. Wapo ambao mzani umesimama lakini kamba inazidi kulegea, na hao bado wanaendelea vizuri.

Kalori zinazorudi kwa mlango wa nyuma

Baada ya wiki nne, kaa na karatasi kwa siku tatu, mojawapo iwe Jumapili. Andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na vinywaji. Haya ndiyo mengi huonekana:

Mafuta. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu 6 ikiimaliza kwa siku 5, kila mmoja amekula takribani kalori 275 za mafuta kwa siku. Ikidumu siku 10, ni nusu yake. Pima kwa kijiko badala ya kumimina, na andika kwenye chupa tarehe ya kufunguliwa.

Sukari. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya chai kila kimoja ni karibu kalori 145. Soda moja ya chupa ni kiasi hicho hicho.

Pombe. Bia ya nusu lita ni takribani kalori 200. Pombe ya ndizi nayo ni chakula, hata kama haihesabiwi kama mlo.

Wanga juu ya wanga. Katika sahani zetu ndizi, ugali wa muhogo, viazi na wali hukutana siku ya sherehe, kisha tunasema tumekula mboga. Ndizi za kupika na viazi viko upande wa ugali, si upande wa mchicha.

Sahani nzuri ni hii: nusu iwe mboga za majani kama mchicha, kisamvu, majani ya maboga au kabichi; robo iwe maharage, dagaa, yai au samaki; robo iliyobaki iwe ndizi, ugali au viazi. Maharage na dagaa hushibisha kwa muda mrefu na hulinda misuli isipotee pamoja na mafuta.

Hapa tunaweka onyo. Katika nyumba nyingi bibi anayetakiwa kupungua na mjukuu aliyedumaa wanakula chungu kimoja. Mafuta yanayopunguzwa kwenye sahani ya bibi yasiondolewe kwenye sahani ya mtoto. Pika kwa mafuta kidogo, kisha pakua ya mtoto na umwongezee kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa. Mama mjamzito naye asijaribu kupunguza uzito, na anayenyonyesha azungumze kwanza na mhudumu wa afya.

Miguu, jembe na usingizi

Mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri hahitaji kuambiwa akimbie. Lakini mwalimu, mwenye duka, dereva, katekista na wengi wetu tunaokaa kwenye vikao tunahitaji. Lengo la mwanzo ni dakika 150 za kutembea kwa mwendo wa haraka kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Ukigoma, ongeza taratibu hadi dakika 200 au zaidi. Shuka kwenye bodaboda kilomita mbili kabla ya nyumbani. Milima ya Ngara itafanya iliyobaki.

Tuseme ukweli: nusu saa ya kutembea hutumia kama kalori 100 hadi 150. Soda moja ya kujipongeza inafuta kazi yote. Kutembea peke yake hupunguza uzito kidogo, lakini husaidia sana uliopungua usirudi. Kulima bustani, kuchota maji na kubeba kuni navyo hulinda misuli. Usingizi wa kutosha pia ni sehemu ya tiba, kwani asiyelala vizuri huamka na njaa kubwa zaidi.

Ulimi wa jirani

Kwetu kuna sababu nyingine ya mzani kugoma ambayo haimo katika vitabu vingi vya lishe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, wananchi wa Rakai waliuita ugonjwa huo "Slim", na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilo katika jarida la Lancet. Kizazi kizima kilijifunza kwamba anayekonda anakufa.

Kumbukumbu hiyo haijafutika. Mama aliyepungua kilo 7 kwa juhudi zake anakutana na majirani kisimani: "Mbona umekwisha hivyo? Una nini?" Wengine hawaulizi, wananong'ona tu. Akienda msibani anaongezewa sahani ili watu wamwone akila. Baada ya mwezi wa maneno hayo, wengi huamua kwamba afadhali kilo 92 zenye heshima kuliko kilo 85 zenye uvumi. Mzani wa namna hiyo umegomeshwa na mazungumzo, na dawa yake ni mazungumzo pia.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Tangu mwaka 2019 Tanzania ilianza kuwapa watu wanaoishi na VVU dawa mchanganyiko inayojulikana kama TLD. Ni dawa nzuri yenye nguvu. Tafiti zimeonyesha pia kwamba baadhi ya wanaoitumia huongezeka uzito, hasa wanawake. Mtu wa namna hii akiona mzani unagoma asithubutu kuacha au kuruka dawa ili apungue. Aendelee kumeza, na aseme tatizo lake pale pale CTC.

Vivyo hivyo, sindano ya uzazi wa mpango, insulini, baadhi ya vidonge vya kisukari, na dawa kama prednisoloni vinaweza kuzuia uzito usishuke. Mweleze mhudumu, usijibadilishie dawa. Na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, akipungua au akikusudia kufunga wakati wa Kwaresima, aende kliniki kwanza. Dozi ya zamani inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Pengine umeshafika

Je, mama wa kilo 85 ameshindwa? Tuangalie. Amepunguza zaidi ya asilimia 7 ya uzito wake. Nchini Marekani utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002 ulifuatilia watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa wastani walipungua kama kilo 5 na nusu tu. Hata hivyo, katika kipindi cha karibu miaka mitatu, uwezekano wa kupata kisukari katika kundi hilo ulikuwa mdogo kwa asilimia 58 kuliko kwa wale wasiopewa mpango huo wala dawa.

Kwa upande wa presha, kwa wastani kila kilo inayopungua hushusha kipimo cha juu kwa takribani pointi 1. Kilo 7 si kitu kidogo.

Kwa hiyo mzani unaposimama kuna njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kushikilia: kukaa kilo 85 kwa miezi mitatu au sita bila kurudi juu. Kushikilia ni kazi, na ni ushindi. Ya pili ni kuendelea kwa kurekebisha jambo moja au mawili, kwa mfano mafuta na dakika za kutembea, kisha kusubiri wiki sita kabla ya kuhukumu. Njia isiyofaa ni ya tatu: dawa za kuharisha, mitishamba ya "kukata tumbo" inayouzwa stendi, na kushinda na njaa.

Dalili za kwenda hospitali

Makala hii ni kwa anayepungua kwa kukusudia. Anayepungua bila kukusudia asimpongeze yeyote wala asipongezwe. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kiu kali na kukojoa mara kwa mara, au damu kwenye choo ni sababu za kwenda kupimwa mapema, iwe zahanati ya karibu, Murgwanza, Rulenge au Biharamulo. Na anayeongezeka ghafla huku miguu ikivimba na pumzi ikikatika naye aende siku hiyo hiyo, kwani huenda ni moyo au figo.

Kwa kamati za parokia

Tunapendekeza mambo matano kwa robo mwaka ijayo:

1. Vikao vyetu vianze na sisi. Chai itolewe bila sukari na sukari ikae mezani, kila mtu ajipimie. Badala ya soda na maandazi, wekeni maji safi, ndizi mbivu na karanga za kuchemsha.

2. Padri, mchungaji au katekista anapotembelea nyumba, mwenyeji aruhusiwe kumpa maji bila kuona aibu. Nyumba sita kwa siku ni soda sita.

3. Wanaopunguza uzito wakutane mara moja kwa mwezi, wapime, na wasemezane. Asisomewe mtu kilo zake mbele ya wengine.

4. Kiongozi mmoja aseme hadharani, baada ya ibada au kwenye jumuiya, kwamba kupungua kwa ushauri wa kliniki ni jambo jema, na kwamba kumnong'ona mtu aliyekonda ni kosa, awe anaumwa au haumwi.

5. Asiyeonekana kliniki miezi miwili atembelewe nyumbani. Aulizwe kwanza habari za dawa, kisha za mzani.

Kwa wahisani wetu

Baadhi yenu mmezoea kutusaidia kununua uji wa lishe na mizani ya watoto. Tafadhali msiache. Tunachoomba ni mtazame pia kile kitu kidogo kinachokosekana kando yake: mzani wa watu wazima unaoaminika, mashine ya kupima presha, na futi ya kupimia kiuno. Siku ambayo mjukuu analetwa kupimwa, bibi aliyembeba naye yupo pale pale kwenye foleni. Tukimpima mmoja na kumwacha mwingine, tutakuwa tumeihudumia nusu ya nyumba.

Na kwako msomaji ambaye mzani wako umegoma: usiutupe mzani, wala usizitupe dawa. Hesabu wiki nne, tazama kamba yako, andika siku tatu, rekebisha jambo moja. Kisha mwambie mwenzako mmoja unayemwamini, ili siku jirani atakapouliza "una nini?", uwe na mtu wa kujibu pamoja nawe.